Kumlisha na Kumtazama Bluujei Katika Bustani ya Nyumbani

Mtu aliyekulia Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hana haja ya kufundishwa ujanja wa kunguru, na kwa sababu hiyo hatapata taabu kumwelewa bluujei, ambaye ni wa jamii hiyohiyo ingawa kwa rangi hawafanani hata kidogo. Ndege huyu, ambaye jina lake la kisayansi ni Cyanocitta cristata, huishi upande wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini, kuanzia kusini mwa Kanada hadi Florida na Texas, na huonekana mara kwa mara katika mitaa yenye miti ya miji kama Columbus, Minneapolis na Toronto, ambako wazungumzaji wa Kiswahili si wachache. Anayeishi Seattle au Los Angeles asimtarajie, kwa kuwa magharibi mwa milima ya Rocky wapo jamaa zake wengine, wa buluu vilevile, lakini wasio na mabaka meupe mabawani.

Urefu wake ni kati ya sentimita 22 na 30, na uzito wake ni gramu 70 hadi 100. Ana kishungi kichwani, mgongo wa buluu, tumbo jeupe lililochanganyika na kijivu, na mstari mweusi unaozunguka shingo mithili ya mkufu. Dume na jike hawatofautishwi kwa rangi, kwa hiyo usijisumbue kuwabagua. Ni afadhali uchunguze weusi wa usoni na shingoni, kwa sababu michoro yake hutofautiana kati ya ndege mmoja na mwingine, na mtazamaji mvumilivu huweza kuwatambua wageni wake mmoja mmoja.

Kabla ya kununua chochote, anayekaa nyumba ya kupanga na ausome mkataba wake wa pango, kwani wenye nyumba wengi hukataza kulisha ndege kwenye baraza kwa kuhofia panya na uchafu. Ruhusa ikipatikana, chagua chombo kinachomfaa ndege mkubwa. Vile vyombo vya mrija vyenye vijiti vifupi vya kutulia vimekusudiwa ndege wadogo, na bluujei akivitua huyumbayumba na kumwaga mbegu chini. Kinachomfaa ni sinia pana lenye matundu ya kutolea maji ya mvua, au kisanduku chenye paa na ukingo mpana, kilichokazwa juu ya nguzo imara badala ya kuning'inizwa. Isimike nguzo hiyo umbali wa mita tatu hivi kutoka kwenye mti au ua, ili kindi wasirukie kutoka pembeni, na uifunge koni ya bati katikati ili wasipande kutoka chini. Kuhusu dirisha, weka chombo ama karibu sana, yaani chini ya mita moja, ama mbali zaidi ya mita kumi. Ndege anayeruka kutoka karibu hana mwendo wa kumjeruhi akigonga kioo, ilhali umbali wa katikati ndio unaoua.

Chakula anachokipenda kupita vyote ni karanga. Mpe karanga zisizotiwa chumvi wala viungo, ziwe na maganda au zimemenywa, na zihifadhi mahali pakavu. Tahadhari ya sumukuvu, ambayo tumeisikia sana katika habari za mahindi na karanga huko kwetu, inahusu ndege pia, kwa hiyo karanga zenye ukungu zitupwe bila kusita. Mbegu za alizeti humfaa vilevile, na wakati wa baridi kali vipande vya shahamu ya ng'ombe humpa nguvu nyingi. Mkate usimpe, kwani humshibisha bila kumjenga.

Karanga zenye maganda zina faida moja zaidi, nayo ni kwamba humfanya ndege aoneshe tabia zake. Kaa kimya nyuma ya dirisha ukamtazame. Kwanza hutua kwenye tawi la jirani, akapiga kelele, akageuza kichwa huku na huku. Ndipo anaposhuka siniani. Huokota karanga moja, huitikisa kidogo, huiacha, hujaribu ya pili na pengine ya tatu, kisha huondoka na ile iliyomridhisha. Akifika tawini huibana chini ya vidole vya miguu na kuigonga kwa mdomo kama fundi seremala mpaka ganda lipasuke. Karanga zilizomenywa huzishughulikia kwa njia nyingine, kwa kuzimeza moja baada ya moja hadi koo limevimba, kwa kuwa ana nafasi kooni ya kubebea chakula asichokusudia kukila papo hapo. Kwa matunda ya mwaloni, mti uitwao oak kwa Kiingereza, huweza kubeba hadi matano kwa safari moja, mawili au matatu kooni, moja mdomoni na jingine kwenye ncha ya mdomo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo watu wengi wanapomhukumu vibaya. Humwita mlafi kwa sababu sinia lililojazwa asubuhi huwa tupu muda mfupi baadaye, kumbe sehemu kubwa ya chakula hicho haikuliwa, bali imefukiwa ardhini kwa ajili ya majira ya baridi. Katika utafiti mmoja, bluujei sita waliofungwa vifaa vya redio walificha kila mmoja kati ya matunda 3,000 na 5,000 ya mwaloni katika msimu mmoja wa vuli. Mengi husahaulika na kuota, na wanasayansi wanaamini kwamba ndege huyu alisaidia sana miti hiyo kuenea kaskazini baada ya barafu ya kale kuyeyuka. Dawa ya sinia tupu, basi, ni kipimo: toa konzi moja ya karanga kila asubuhi kwa saa ileile, nao watajifunza ratiba yako upesi. Mbegu za ndege wadogo zitenge katika chombo chenye matundu finyu, mbali na sinia hilo, ili wasifukuzwe. Mwenye kiwanja na apande mwaloni, hasa wa aina yenye matunda madogo, hata kama utachukua miaka mingi kuzaa.

Maji yawe kwenye beseni pana lisilozidi kina cha sentimita tano, na yabadilishwe kila siku. Chombo cha chakula kisafishwe kila baada ya wiki mbili kwa maji yaliyotiwa jiki, sehemu moja kwa tisa, kisha kisuuzwe na kukauka kabisa kabla ya kujazwa tena. Ukimwona ndege aliyejikunyata, manyoya yamesimama na haruki unapomkaribia, ondoa vyombo vyote kwa muda, kwa maana magonjwa kama salmonela huenea pale ndege wanapokusanyika. Katika maeneo yenye dubu, vyombo viondolewe pia kuanzia majira ya kuchipua.

Katika kumtazama, anza na kishungi. Kikiwa kimelala, ndege ametulia na anakula na jamaa zake. Kikisimama, ana hasira au ameshtuka. Sikiliza pia sauti, kwani huiga mlio wa mwewe kwa ustadi mkubwa, na mara nyingi utainua macho kumtafuta mwewe ambaye hayupo. Lawama kwamba kazi yake ni kuiba mayai ya ndege wengine imetiwa chumvi. Huyala kweli, lakini uchunguzi mpana wa matumbo ya ndege hawa ulikuta dalili za mayai au makinda katika asilimia moja tu.

Unyoya ukianguka, uinue kuelekea jua, nao utaonekana wa kahawia, kwa sababu hauna rangi ya buluu ndani yake. Buluu hiyo hutokana na jinsi nuru inavyotawanyika katika muundo wa unyoya. Kisha uuache hapohapo, maana nchini Marekani sheria ya ndege wanaohama ya mwaka 1918 inakataza kumiliki manyoya, mayai na viota vyao.

Mwishoni mwa kiangazi baadhi yao hupoteza manyoya yote ya kichwa kwa wakati mmoja na kubaki na kipara kinachotisha. Ni kubadili manyoya tu, na hayakawii kuota tena. Anayependa kuhesabu anaweza kujiunga na Project FeederWatch, mradi wa kuhesabu ndege wanaofika kwenye vyombo vya chakula, ulio chini ya taasisi mbili za ndege, Cornell Lab of Ornithology na Birds Canada, na unaoendeshwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Kanuni yake ni kuandika idadi kubwa zaidi ya ndege ulioiona kwa pamoja, wala si jumla ya waliokuja siku nzima, kwa kuwa bluujei wawili wanaosafirisha karanga wanaweza kuhesabiwa ishirini kabla ya adhuhuri.