Kura ya Rexdale: mitaa ileile, vyama viwili

Aprili 2025 jirani yangu hapa Rexdale, mtaa wa Toronto, mama wa Tanga, alinigongea mlango ameshika kadi ya taarifa ya kupiga kura iliyoletwa na posta. "Mwanangu, hawa wamekosea. Si tulishapiga kura mwezi wa pili, na ile baridi yote?" Ilibaki kidogo aitupe pamoja na karatasi za matangazo ya pizza.

Hawakukosea. Kura ya Februari 27 ilikuwa ya Ontario, na ya Aprili 28 ilikuwa ya Kanada nzima. Jimbo lina jina moja katika kura zote mbili, Etobicoke North. Tamka Itobiko, ile k ya mwisho haisemwi.

Kiswahili chenyewe nacho kinatuchanganya. Kwa Mtanzania jimbo ni eneo la mbunge, Mkenya anasema eneobunge, halafu redio zinaiita Ontario nayo "jimbo". Hapa nitaiita Ontario mkoa. Bunge la mkoa lina viti 124, na kimoja ni cha kwetu, pembe ya kaskazini-magharibi ya Toronto. Etobicoke ilikuwa mji wa pembezoni unaojitegemea hadi ilipounganishwa na Toronto mwaka 1998.

Historia yake ya kura inafurahisha. Tangu 1975 hadi 1995 mbunge wa mkoa wa upande huu alikuwa Ed Philip wa NDP, chama cha wafanyakazi. Mwaka 1995 John Hastings wa Conservative, chama cha wahafidhina, akakichukua kiti, na mwaka 1999, viti vya mkoa vilipopunguzwa kutoka 130 hadi 103, akashinda tena chini ya jina hili la Etobicoke North. Kuanzia 2003 ikawa zamu ya Shafiq Qaadri wa chama cha Liberal, aliyekaa miaka 15. Mwaka 2018 akaja Doug Ford wa Conservative, akapata zaidi ya nusu ya kura za hapa na kuwa waziri mkuu wa Ontario. Qaadri akaishia nafasi ya tatu. Ford ameshinda tena 2022 na 2025.

Sasa tazama kura ya Kanada nzima. Kirsty Duncan wa Liberal alishinda hapa 2008 na akaendelea kushinda hadi 2021, na 2025 chama chake kimebaki na kiti. Yaani maghorofa yaleyale ya Albion Road yanampa Ford kura, kisha wiki chache baadaye yanawapa wapinzani wake.

Maelezo yangu ni haya: hapa Ford ni mtu kwanza, chama baadaye. Mdogo wake, marehemu Rob, alikuwa diwani wa huku kabla ya kuwa meya, na alijulikana kwa kumpigia simu yeye mwenyewe mwananchi aliyelalamika. Sisi tunalijua hilo tangu nyumbani. Mbunge anayefika msibani hana haja ya kusambaza ilani.

Usiidharau kura ya mkoa. Kadi ya afya, hospitali, shule za watoto, leseni ya udereva, kiwango ambacho mwenye nyumba anaruhusiwa kukupandishia kodi, kima cha chini cha mshahara: yote hayo yako mikononi mwa Ontario. Hata hivyo mwaka 2022 waliojitokeza mkoa mzima hawakufika nusu ya waliostahili.

Anayeruhusiwa ni raia wa Kanada mwenye miaka 18 na anayeishi Ontario. Ukaazi wa kudumu hautoshi, hata uwe umelipa kodi miaka kumi, na kupiga kura bila haki ni kosa kisheria. Mkenya anaweza kuuchukua uraia huo na kubaki na wake. Mtanzania ajue kwamba ataupoteza wa nyumbani, kwa hiyo akae na familia yake waamue kwanza.

Siku yenyewe vituo viko wazi saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Nenda na ile kadi ya posta pamoja na kitambulisho chenye jina lako. Kadi ikipotea, beba kitu chenye jina na anwani, kama leseni. Aliyezoea karatasi sita za Kenya atashangaa: hapa ni moja tu, ya mbunge. Waziri mkuu humchagui moja kwa moja, na hakuna wino wa kidole.

Kama unafanya shifti, sheria inakupa saa tatu mfululizo za kupiga kura wakati vituo viko wazi. Ratiba yako isipoziacha, mwombe bosi muda. Haruhusiwi kukukata mshahara. Na kama hakuna mgombea anayekuridhisha, Ontario inakuruhusu kuirudisha karatasi mezani na kusema unaikataa. Inahesabiwa peke yake, tofauti na kura iliyoharibika.

Mama wa Tanga alikwenda Aprili. Hakuniambia alimpa nani, ila kadi ya Februari bado ameibandika kwenye friji, na ya pili iko chini yake.