Taja jina la kiwanja mwanzoni na mwishoni
Unapokaribia kiwanja cha ndege kisicho na mnara wa kuongozea ndege, anza kutangaza redioni ukiwa umbali wa takriban maili 10, ukitaja jina la kiwanja, aina ya ndege, mahali ulipo, kimo na unachokusudia kufanya, kisha ulirudie jina la kiwanja mwishoni, kwa sababu viwanja kadhaa hutumia masafa yaleyale ya redio na neno la kwanza linaweza lisisikike vizuri. Sikiliza kwanza kabla ya kubonyeza kitufe. Usiulize kama kuna ndege yoyote karibu, kwani swali hilo, ambalo mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani unalikataza waziwazi, huwafanya marubani wengi wajibu kwa pamoja na kuzibana sauti. Endelea pia kutazama nje, maana ndege isiyo na redio yaweza kuwa kihalali kabisa kwenye mzunguko uleule ambao ndege hufuata kuzunguka kiwanja kabla ya kutua.