Kupanga upya kundi la wapenda baiskeli bila kuwapoteza watu

Mwongozo huu ni wa admini wa kundi la WhatsApp ambalo limejaa mpaka halisomeki. Mifano nitaitoa kwenye baiskeli za hapa Tanga kwa sababu ndiko niliko, lakini wafuga njiwa, wavuvi wa mshipi na wapanda maua mnaweza kuufuata vilevile.

Hali yenyewe mnaijua. Kundi moja lina pancha, spea za mtumba, safari ya Jumapili, picha za machweo ya Raskazone, salamu za asubuhi, tangazo la msiba na mtu anayeuliza kwa mara ya mia kama kuna friwili ya gia saba mjini. Admini anachoka, usiku mmoja anaunda makundi sita na kuwagawa watu. Asubuhi wanaamka: "Mbona sioni kitu?" "Nani kaniingiza huku?" Kufika Adhuhuri watu wameanza kujitoa, na wa kwanza kutoka ni wale mafundi wazee ambao kundi lilikuwa linasimama kwa ajili yao.

Tatizo haliko kwenye kubadilisha. Mtu hana mapenzi na sura ya kundi, ana mapenzi na njia aliyoizoea kufikia kitu chake: afungue simu, abonyeze mara mbili, aone Jumapili tunakutana wapi. Ukiihamisha hiyo njia bila kumwambia, kwake kundi limekufa hata kama ujumbe wote bado upo. Basi kazi yako ni kulinda njia kwanza, usafi uje baadaye.

Hatua ya 1: Orodhesha njia za kila siku kabla hujagusa kitufe

Chukua daftari. Rudi nyuma kwenye mazungumzo ya mwezi mzima na uandike maswali tu. Mazungumzo mengine yaruke, picha ziruke, mizaha iruke. Kila swali likijirudia piga kijiti pembeni yake. Utashangaa yalivyo machache. Kwa waendesha baiskeli huwa hivi: safari inaanza saa ngapi na wapi, nani ana tairi au rimu ya saizi fulani, fundi gani yupo kazini leo, na lile la kiufundi, jinsi ya kunyoosha rimu iliyopinda au kubadilisha gololi za ekseli.

Ukimaliza, usijiamini bado. Waulizaji ni sehemu ndogo ya kundi. Wengi wanasoma kimya, na hao ndio wanaoumia zaidi kitu kikihama kwa sababu hawatakuuliza, wataacha tu kufungua. Wapigie simu watu wanne au watano ambao hawajaandika neno siku nyingi, uwaulize swali moja: "Ukifungua kundi letu, huwa unatafuta nini?" Usiulize "ungependa nini kibadilike." Hilo litakuletea ndoto za watu, nawe unataka mazoea yao.

Njia tatu au nne zilizopata vijiti vingi ziandike kwenye karatasi ya peke yake. Hizo haziguswi. Chochote utakachofanya, mtu azifikie kwa urahisi uleule wa jana au zaidi.

Hatua ya 2: Wape watu kadi wapange wao

Wataalamu wa kupanga menyu za tovuti wana zoezi lao la kupanga kadi, na halihitaji kompyuta. Nunua karatasi ya manila, ikate vipande vya ukubwa wa kiganja, na kila kipande uandike kitu kimoja kinachozungumzwa kundini: "spoku", "safari ya Tongoni", "fundi wa kulehemu fremu", "baiskeli iliyoibwa", "picha", "taa za usiku", "mchango wa mgonjwa". Thelathini hivi zinatosha. Zimwage kwenye baraza, mwite mwanachama, mwambie aziweke mafungu mafungu anavyoona zinaendana, kisha kila fungu alipe jina lake mwenyewe.

Wewe kaa kimya. Hapa ndipo maadmini wengi wanapoharibu, maana mkono unawasha kurekebisha.

Nilipolifanya zoezi hili Ngamiani, hapa Tanga mjini, mzee mmoja alichukua "spoku", "tyubu" na "gololi" akaziweka fungu moja na "fundi", wakati mimi kichwani nilikuwa nimeshaziweka kwenye "spea" pamoja na fremu na matairi. Nikamuuliza sababu. Akaniangalia kama mtu asiyejua mji: "Bwana, spoku unainunua wapi kama si kwa fundi anayeitia?" Na ni kweli. Vitu vidogo huvinunui dukani ukavipeleka, unavikuta palepale kwenye kibao cha fundi, kwenye kopo la maziwa. Fremu na rimu ndizo zinazotafutwa, zinazopigwa picha na kubishaniwa bei. Kwa hiyo fungu la "spea" nililolipanga halikuwepo duniani. Kulikuwa na "kwa fundi" na kulikuwa na "soko".

Fanya na watu wa aina tofauti: kijana wa baiskeli ya mashindano, mama anayekwenda nayo sokoni, fundi, mgeni. Kadi inayorukaruka, leo fungu hili kesho lile, iandike pembeni. Hiyo ndiyo itakayoleta maswali baadaye, kwa hiyo itajwe sehemu zote mbili.

Hatua ya 3: Majina

Chukua majina waliyoyatoa wao. "Kwa fundi" ni jina. "Idara ya Masuala ya Kiufundi" ni kibao cha ofisi ya serikali.

Kuna anayependekeza namba: Kundi la 1, la 2, la 3. Wazo linavutia, hasa kwa mtu wa Tanga, maana Ngamiani mitaa yetu inakwenda kwa namba na mgeni hapotei. Lakini pale namba zinasaidia kwa sababu barabara zimejipanga chini kwa mfuatano uleule: ukivuka ya tisa unaikuta ya kumi. Kwenye simu mazungumzo hayakai yalipo. Lenye ujumbe mpya linapanda juu, la kimya linashuka. La nne litakuwa juu ya la kwanza asubuhi, jioni chini ya la pili, na namba haitamwambia mtu kitu.

Kingine cha jina ni urefu. Simu nyingi zina kioo kidogo na jina refu hukatwa mwishoni. Ukiyaita makundi "Wapenda Baiskeli Tanga – Safari" na "Wapenda Baiskeli Tanga – Soko", mtu ataona "Wapenda Baiskeli Ta…" mara mbili na hajui aingie wapi. Geuza: "Safari – Baiskeli Tanga", "Soko – Baiskeli Tanga". Neno linalotofautisha litangulie. Na kila kundi liwe na picha ya rangi yake, kwa ajili ya wanaotambua kwa jicho kuliko kwa kusoma.

Hatua ya 4: Jenga, bila kubomoa

WhatsApp ilileta Jumuiya mwishoni mwa mwaka 2022, na ndiyo itakayokusaidia hapa. Jumuiya ni paa moja lenye makundi kadhaa chini yake. Ukiunda jumuiya mpya, linazaliwa kundi la matangazo lenyewe, ambalo maadmini tu ndio wanaoandika. Halafu unaliongeza lile kundi lenu la zamani kama lilivyo. Ujumbe wake unabaki, watu wake wanabaki. Hili ndilo la kushika: kundi la zamani liingie chini ya paa likiwa zima, lisifutwe na lisifungwe. Libaki kuwa baraza la salamu, mizaha na misiba.

Kisha ongeza makundi mapya mawili tu. Kwetu ni "Safari" na "Soko". "Kwa fundi" tuliliacha kwanza ndani ya baraza, kwa sababu mafundi wenyewe hawakutaka kuhama, na bila wao lingekuwa chumba kitupu.

Zaidi ya hayo mawili, picha ziwe na kundi la hiari. Watu wananunua bando la siku, na picha mia za safari ya mapango ya Amboni zikijipakua zenyewe zinalimaliza kabla ya saa nne. Asiyetaka asiingie.

Unapoandika maelekezo usiseme "bonyeza juu kulia" bila kuangalia simu zaidi ya moja. Machi 2024 WhatsApp yenyewe ilihamisha vitufe vyake vikuu kwenye simu za Android kutoka juu ya kioo kwenda chini, na aliyekuwa na maelekezo ya zamani aliyabeba bure. Piga picha ya skrini ya Android na ya iPhone, chora mshale mwekundu, basi.

Hatua ya 5: Jaribu kwa watu watano

Jakob Nielsen, bingwa wa mambo ya matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kukuonyesha sehemu kubwa ya matatizo ya mpangilio. Kwa kundi letu hiyo ni kazi ya jioni moja. Watafute watano, waingize kwenye jumuiya kabla ya wengine, wape kazi za ile karatasi ya njia: "Nitafutie Jumapili tunakutana wapi." Usielekeze kwa kidole. Tazama dole gumba lake linakwenda wapi kwanza. Likienda pasipo, ndipo penye kosa lako la kupanga. Usimlaumu mwenye dole.

Hatua ya 6: Tangaza mapema, kwa sauti

Tangazo litoke siku saba kabla, na tena siku moja kabla. Tuma ujumbe wa sauti wa dakika moja, kwa sababu wapo wasiosoma aya ndefu na wapo waliosahau miwani. Ukiandika, andika kama hivi:

"Assalamu alaikum na habari zenu wote. Kuanzia Jumatatu tangazo la safari litakuwa kwenye kundi la Safari, picha nyekundu. Kuuza na kununua kutakuwa Soko, picha ya kijani. Hapa barazani tunabaki kama kawaida, hakuna anayeondolewa. Ukikwama nipigie."

Libandike juu ya kundi. WhatsApp inakupa kubandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30, chagua 30. Siku ya kuhama isiwe Jumamosi, kesho yake kuna safari na watu wako mbioni kujaza upepo. Jumatatu inafaa.

Hatua ya 7: Kelele zitakuja, zichambue

Malalamiko yana aina mbili na mwanzoni yanafanana. Kuna "sipendi" na kuna "sioni". "Mmeharibu kundi" ni sipendi. "Safari ya kesho mmeiandika wapi?" ni sioni. Ya pili ijibiwe saa ileile, kwa heshima, na uiandike kwenye daftari, maana watatu wakiuliza kitu kimoja jina la kundi au picha yake haijaeleweka. Ya kwanza ipe wiki mbili. Nyingi hunyamaza zenyewe. Stendi ya mabasi ilipotoka Ngamiani kwenda Kange, nje ya mji, watu walilalamika vilevile, na walioendelea kulalamika kwa haki ni wale walioongezewa nauli.

Neno "mtazoea" usilitumie. Linamwambia mtu kwamba umemsikia na umempuuza. Hata kampuni kubwa zimeumia hapo. Microsoft ilitoa Windows 8 mwaka 2012 bila kile kitufe cha Start ambacho watu walikibonyeza tangu 1995, na mwaka uliofuata, kwenye 8.1, kitufe kikarudi. Digg, tovuti ya watu kushirikishana habari, ilibadilisha kila kitu kwa mpigo Agosti 2010 na wengi wa watu wake wakahamia Reddit, tovuti ya aina hiyohiyo. Reddit wenyewe walipokuja kubadilisha sura mwaka 2018 waliacha ile ya zamani iendelee kufunguka kwa anwani yake, na wazee wa pale wakabaki. Kwako mlango wa nyuma ni lile baraza: kwa mwezi mzima wa kwanza, tangazo la safari liweke Safari *na* barazani. Ndiyo, ni kazi mara mbili. Ifanye.

Mzee akiandika maneno makali mbele ya watu, usibishane naye hapo. Mpigie, msalimie, msikilize mpaka mwisho. Mara nyingi utakuta hakuna itikadi yoyote: simu yake imejaa, na kundi jipya halifunguki mpaka afute video. Mfutie ukikutana naye.

Hatua ya 8: Baada ya mwezi

Rudi na daftari. Kundi lisiloandikwa wiki mbili liondoe kwenye jumuiya, warudishe watu wake barazani. Maswali ya zamani yakiendelea kuulizwa barazani, yajibu palepale, kisha taja kundi lake kwa upole. Usimfukuze mtu kwa kukosea chumba.

Na kabla hujaendelea na mengine, mpe mtu wa pili uadmini wa jumuiya nzima, mtu mnayeaminiana na ambaye simu yake haizimwi ovyo. Simu huibwa, na nyingine huzama feri ya Pangani, na jumuiya yenye admini mmoja ikipoteza simu hiyo haina wa kubandika tangazo wala wa kumtoa tapeli aliyeingia Soko.