Somo: Kuchora mistari ya kupinda kwa peni bila mabonde mabonde

Wakuu, wengi mnaikimbia peni ya Photoshop (ile programu ya kuhariri picha) mnakata picha kwa kufuta futa, halafu ukingo unatoka na meno meno. Peni sio ngumu, shida tunabofya nukta nyingi mno, na kila nukta unayoongeza ni sehemu nyingine ya kukosea mwelekeo. Mabonde yanatoka hapo hapo.

Tuchukue picha ya kikombe, tufuate sikio lake.

1. Bonyeza P. Juu kushoto hakikisha imeandikwa Path (yaani mstari mtupu usiojazwa rangi), kisha zumu mpaka 200% uuone ukingo.

2. Anza pale juu sikio linapotoka kwenye kikombe. Bofya USIACHIE mausi, vuta kuelekea kule mstari unakoenda. Vitatokea vijiti viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, hiyo ndo mikono ya nukta. Mkono unaugusa mstari pale kwenye nukta tu, kama rula ulivyoiegesha kwenye mpira.

3. Hapa ndo penyewe. Nukta ya pili usiiweke karibu karibu, ipeleke mpaka pale sikio lilipotokeza nje kabisa, yaani pale linapoacha kwenda nje na kuanza kurudi, vuta huku umeshika Shift ili mkono usimame wima. Urefu wa mkono uwe kama theluthi ya kipande unachochora, ukizidi mstari unavimba, ukipungua unajibana karibu na nukta. Ya tatu weka chini linapoungana tena na kikombe. Nukta tatu tu upande wa nje umeisha!

4. Kwenye kona kali shika Alt ubofye nukta ya mwisho, mkono wa mbele unakatika, unaendelea na upande wa ndani.

5. Rudi nukta ya kwanza, kaduara kakitokea pembeni ya peni bofya ufunge. Ctrl na Enter, tayari seleksheni, yaani eneo ulilozungushia limechaguliwa.

Ukikosea usianze upya, shika Ctrl usogeze nukta au mkono wake.

MASWALI

– Mkuu mbona mimi nikichora panajijaza rangi?
Upo kwenye Shape, badili pale juu iwe Path.

– Duara nalo nukta ngapi? Langu linatoka kama yai.
Nne ndugu yangu, juu, chini, kulia, kushoto. Kila mkono uwe 0.55 ya nusu kipenyo, yaani kama nusu kipenyo ni pikseli 100 mkono uwe 55. Lako ni yai kwa sababu mikono haijalingana.

– Sisi wa GIMP, ile programu nyingine ya picha, je?
Bonyeza B badala ya P, kufunga shika Ctrl ubofye nukta ya kwanza, Shift na V inakupa seleksheni. Mikono inafanya kazi ile ile maana zote zinatumia mpindo wa Bézier, injinia wa Renault aliyeueneza miaka ya 1960 kwa ajili ya kuchora bodi za magari.