Kitabu cha kuchora katuni: anza na maneno, macho baadaye

Ukifungua kitabu cha kufundisha kuchora katuni, hasa vile vya mtindo wa Kijapani, utakuta kurasa tele za macho, nywele na misuli. Hapo ndipo wengi tunakwama: daftari zima la macho, hadithi hata moja hakuna. Ruka. Nenda kwenye sura ya mpangilio wa ukurasa, macho utayarudia ukishakuwa na mtu wa kumchora.

Ila angalia, katuni za Kijapani husomwa kulia kwenda kushoto. Ukinakili fremu zao, yaani visanduku vya picha, kama zilivyo, katika Kiswahili anayejibu ataonekana kasema kwanza. Anayeanza kusema mweke kushoto, kiputo chake, lile duara la maneno, kikae juu kidogo ya cha mwenzake.

Na andika maneno kabla ya kuchora sura. Kiswahili kina maneno marefu: "Hatutakusubiri" ni herufi 14, na ndani ya kiputo chembamba halikai. Liandike kwa penseli, lizungushie kiputo, ndipo uone kichwa kimebakiwa na nafasi gani. Mimi nilianza na sura, kiputo kikaja kumfunika mama wa chapati nusu uso. Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Kwa mazoezi, kunja karatasi ya A4 mara tatu, upate visanduku vinane. Chora kondakta na abiria wakigombania chenji, kwa watu wa vijiti tu. Mpe mtu asome, wewe kaa kimya. Akiuliza "hapa anaongea nani?", kisanduku hicho kirudie.