Kabla Hujaenda Kutoa Kopi: Maandalizi ya Kijarida cha Mkono

Waingereza na Wamarekani hukiita zine. Tukiliswahilisha, neno hilo linatua kwenye zini, na hapo hulitamki tena mbele ya mama mkwe. Basi mimi nasema kijarida: karatasi chache ulizoziandika, ukazichora, ukazikunja na kuzitolea kopi mwenyewe, bila kupita kwa mchapishaji. Changu cha kwanza kilihusu majina ya kanga za bibi yangu, na karibu yote niliyokosea niliyakosea kabla sijaandika neno.

Anza na idadi ya kurasa, maneno yafuate. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo hesabu yako lazima igawanyike kwa nne: 8, 12, 16. Mimi nilikuwa na kurasa 13, nikaishia kujaza tatu kwa maua. Chukua karatasi nne chakavu, zikunje, zichomeke moja ndani ya nyingine, uandike namba 1 hadi 16, kisha uzitawanye mezani. Utakuta ukurasa wa 1 umekaa ubavuni mwa wa 16, na nyuma yake wa 2 uko na wa 15. Kila jozi jumla yake ni 17. Kijitabu hicho kitupu kitunze. Ndicho utakachomwonyesha kijana wa steshenari, maana ukimweleza kwa mdomo tu, upande wa pili utatoka kichwa chini. Mwombe atoe kopi moja kwanza, ikunje palepale kaunta, ndipo aendelee.

Hesabu hiyo ikikuchosha, tumia A4 moja: ikunje mara tatu upate visehemu 8, ikunjue, ichane kwa wembe kwenye mkunjo mrefu wa katikati, visehemu viwili vya kati tu. Inajikunja kuwa kijitabu cha kurasa nane bila pini, na kopi yake ni ya upande mmoja.

Halafu pindo. Mashine nyingi za kopi hazifiki ukingoni mwa karatasi, kwa hiyo acha walau sentimita moja kila upande. Mimi niliandika kwa herufi kubwa Mdhaniaye ndiye kumbe siye, kutoka ukingo hadi ukingo. Kopi ikatoka “dhaniaye ndiye kumbe si”. Bibi aliipokea, akaisogeza mbali na macho yake, akauliza, “Sasa mjukuu wangu, pindo lake liko wapi?” Kanga ina pindo, mji (eneo lake la kati) na jina, na mtu aliyelala na kanga miaka yote hiyo alikuwa na haki ya kushangaa.

Picha nazo zijaribu mapema. Kwenye kopi ya rangi moja, nyekundu huelekea kutoka nyeusi; kanga nyekundu yenye maua meusi ikanitokea kama doa la lami. Niliokoka kwa kufuatisha maua kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Mistari ya kujiongozea ichore kwa penseli ya buluu hafifu, ambayo mara nyingi mashine haiioni.

Pesa ni hesabu fupi. Nakala 30 za kurasa 16 ni karatasi 120, yaani pande 240. Ukitozwa shilingi 100 kwa upande, ni 24,000 kabla hujanunua pini. Toa 30, si 100. Zikiisha utarudi.

Stepla ya kawaida haifiki mgongoni mwa kijarida. Kifunue, kilaze juu ya kandambili kuukuu, panua stepla, gonga pini izame kwenye mpira, kisha geuza na ukunje miguu yake kwa kijiko. Mimi siku hizi nashona. Toboa matundu matatu mgongoni. Sindano itokee nje kwa tundu la kati, irudi ndani kwa la juu, ipite ndani hadi la chini, itoke, irudi kwa la kati, ufunge fundo juu ya uzi uliolala. Ni dakika tatu kwa kila kijarida, na redio inacheza.

Majina ya kanga hayana mwenyewe, lakini sura za watu zinao: niliomba ruhusa kwa kila jirani niliyempiga picha, na mmoja alikataa. ISBN, ile namba ya kimataifa ya vitabu, huhitaji. Ila kama unataka kutoa habari za kila wiki, hilo ni gazeti, na Tanzania Bara magazeti yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016.

Mwisho, tenga bahasha ngumu ya nakala mama, zile kurasa halisi zenye gundi, zikae bila kukunjwa. Zangu nilizikuta chini ya sufuria ya maharage.