Mtoto Akikuuliza Mungu Yukoje

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha madrasa, mtoto wa miaka 6 aliniuliza: "Mwalimu, Mungu ni mkubwa kama nini?" Nikamjibu harakaharaka: kuliko mlima, kuliko bahari, kuliko mbingu. Kesho yake akaniletea mchoro wa mzee mwenye ndevu, kichwa kimetoboa mawingu, miguu imekanyaga bahari. Hakukosea yeye. Kalamu nilimpa mimi. Tangu siku hiyo nafanya hivi.

Naanza na neno alilonalo tayari mdomoni: Subhanallah. Wengi hulitoa kwa mshangao tu, sahani ikivunjika. Mweleze kwamba maana yake ni kumtakasa Mungu na kila upungufu na kila mfano tunaompachika. Hiyo ndiyo tanzihi, na anayeswali huitamka katika kila rukuu na kila sijda.

Kisha msomeshe aya ya 11 ya Surat ash-Shura, wala usiikate katikati: "Hakuna chochote mfano wake, naye ni Mwenye kusikia, Mwenye kuona." Nusu ya kwanza inafuta mchoro. Nusu ya pili inamzuia asidhani kuwa basi Mungu ni utupu. Akishika ya kwanza peke yake ataishia kwenye taatili, yaani kumvua Mungu sifa zake. Akishika ya pili peke yake, ataishia kwenye tashbihi, kumfananisha na viumbe. Hapa nakaa muda mrefu. Namuuliza: wewe unasikia kwa kitu gani? Kwa masikio. Ukiyaziba? Sisikii. Nikinong'ona mbali? Sisikii. Basi usikivu wa namna hiyo ni wako wewe, usimvike Mola wako.

Chunga na Kiswahili chako. Lugha yetu inatusaidia mahali pamoja: "yeye" si mwanamume wala mwanamke, mjadala umekwisha. Lakini ina mitego. "Mungu yupo" sina tatizo nayo. "Yuko" inaita "wapi?" papo hapo. "Yumo" naikataa kabisa, maana kilichomo ndani ya kitu kimezungukwa na kitu hicho, na Muumba hazungukwi na alichokiumba. (Hiyo "yukoje" ya kichwa cha habari nimeiacha kwa sababu ndivyo wanavyouliza.)

Wakubwa kidogo watakutana na aya ya Mkono wa Mwenyezi Mungu, Surat al-Fath, aya ya 10, au ile ya Rahman (Mwingi wa Rehema) kulingana juu ya Arshi (Kiti cha Enzi), Surat Taha, aya ya 5. Usijifanye hukusikia swali. Waambie kwamba wanavyuoni walitofautiana: wako waliolithibitisha neno kama lilivyokuja bila kuuliza vipi, na wako, wakiwemo Muutazila na wengi wa Ashaari wa baadaye (hizo ni shule mbili za elimu ya akida), walioufasiri mkono kuwa ni nguvu au neema. Pande zote mbili zinakataa mkono wa nyama na mifupa.

Mimi huongeza habari ya Imam Malik, mwanachuoni wa Madina aliyefariki mwaka 179 Hijria. Alipoulizwa Rahman amelingana vipi juu ya Arshi, alijibu kwamba kulingana (istiwaa, neno la aya hiyo) kunajulikana, namna yake haifikiwi na akili, kuamini hilo ni wajibu, na kuuliza juu yake ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Hicho kipande cha mwisho sikitumii kumnyamazisha mtoto. Aliyejibiwa vile alikuwa mtu mzima; mtoto anamtafuta Mola wake.

Mwisho, angalia asije akaona Mungu amekuwa mbali naye. Mpeleke kwenye sijda. Paji la uso liko chini kabisa, na ulimi unasema Subhana Rabbiyal Aala, ametakasika Mola wangu aliye Juu kabisa. Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim inasema hapo ndipo mja huwa karibu zaidi na Mola wake. Akiuliza inakuwaje aliye Juu kabisa awe karibu na aliyeinama chini kabisa, mrudishe kwenye aya ya 11, muisome tena yote.